Tangazo la Jumapili

Wasifu wa marehemu ulisomwa na mjukuu wake, msichana mrefu aliyeshika karatasi kwa mikono miwili ili upepo wa Nyansiongo usiichukue. Alisoma kama tulivyozoea kusomewa siku hizi: kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, watoto, ng'ombe wa maziwa, ugonjwa. Katikati kulikuwa na sentensi mbili ambazo pengine hakuna mwombolezaji mwingine aliyezitilia maanani. "Nyanya alikuwa mwalimu kwa miaka saba. Aliitwa kwenye kozi ya ualimu lakini hakufika kwa wakati, kwa sababu katekista alisahau kusoma tangazo kanisani." Kisha akaendelea na habari za ng'ombe. Nilikuwa nimeketi safu ya pili, kwenye viti vya wazee, na nilipoitwa niseme neno kama mtu aliyefundisha pamoja naye, nilisimama nikasifu mwandiko wake wa ubaoni. Nilisema kwamba mtoto aliyefundishwa kuandika na Mwalimu Kerubo hakuwahi tena kuandika vibaya. Watu walicheka kidogo, wakapiga makofi, nikaketi. Katekista hakusahau kitu. Hakupewa tangazo. Mimi ndiye niliyetumwa nimpelekee, na sikumpa.

Ulikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nina cheti cha kidato cha nne chenye alama za kuaibisha, na nilikuwa nimeajiriwa kama UT, yaani mwalimu asiyesomea ualimu, katika shule ya msingi mlimani, upande wa Sironga. Chumba cha walimu kilikuwa kipande cha darasa la sita. Ukuta uliotutenga nao ulikuwa wa fito na udongo na haukufika darini, kwa hiyo sisi tuliwasikia wakikariri na wao walitusikia tukisengenya. Upande wa pili, nyuma ya ukuta wa aina ileile, ndiko ilikokuwa ofisi ya mwalimu mkuu, Bwana Nyakundi, mzee wa kanisa la Waadventista, mtu mwenye sauti ndogo na viatu vilivyong'aa hata wakati wa matope. Tulikuwa na meza moja ndefu. Saa nne mtoto wa zamu alileta birika la chai ya maziwa na sinia la viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake, na kila mtu alimenya chake juu ya daftari alilokuwa akisahihisha. Kerubo aliketi mkabala nami. Alikuwa mke wa mtu, mwenye mtoto wa kunyonya ambaye shemeji yake mdogo alimleta kila mapumziko. Alikuwa UT kama mimi, ila yeye aliishia kidato cha pili, na alikuwa ametangulia kufundisha kwa miaka minne. Alifundisha darasa la kwanza. Watoto themanini, madawati kumi na mawili, na sikuwahi kumsikia akiinua sauti.

Nilijiona nimemzidi. Sikusema, lakini nilijiona. Asubuhi moja mkaguzi wa shule alikuja na pikipiki yake, akaingia ofisini, nasi tukanyamaza ili tusikie. Alisema nafasi ni moja kwa kila shule, kwenye kozi ya walimu wasiosomea: wiki tatu za kukaa chuoni katika likizo ya Agosti, kisha masomo ya barua na redio, kisha mtihani, na mwisho mtu anakuwa mwalimu kamili. Nikamsikia Bwana Nyakundi akijibu kwa sauti yake ndogo, "Huyu kijana Ogeto ana karatasi ya kidato cha nne. Lakini anayejua kufundisha ni Kerubo." Mkaguzi akasema, "Basi andika Kerubo. Huyo mwingine mweke akiba." Ogeto ni mimi. Mwalimu wa darasa la tatu, mwanamume mcheshi aliyeitwa Onsongo, alinitazama akimenya kiazi. "Akiba haiozi, kijana," akasema. "Hata mbegu huwekwa akiba." Kerubo hakucheka. Alisukuma sinia upande wangu, akaniambia, "Kula, Mwalimu. Mwaka ujao ni wako." Upole ule ulinichoma kuliko mzaha wa Onsongo.

Mwaka huo kalenda ya shule haikutulia. Hesabu mpya zilikuwa zimeingia, na walimu wote walitakiwa kufundishwa kabla ya kufundisha. Tulifunga shule Alhamisi moja kwenda semina, tukafunga Jumanne nyingine, tukaambiwa muhula utaisha tarehe fulani, kisha tukaambiwa sivyo. Wazazi walichoka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi pale njiani alinisimamisha na kuniuliza, "Nyinyi mnasoma lini na mnafundisha lini? Mtoto wangu yuko nyumbani tena, anakula tu." Habari za mabadiliko hayo hazikuwa na njia nyingine ya kuwafikia watu ila makanisani. Waadventista walikusanyika Jumamosi na Wakatoliki Jumapili, na Bwana Nyakundi aliandika kila tangazo nakala mbili kwa mkono wake. Ya kwanza ilisomwa Sabato katika kanisa letu. Ya pili ilivushwa bonde hadi kigango cha Wakatoliki, ambako Mzee Makori, katekista, aliisoma Jumapili baada ya sala. Hakuna aliyefikiria kumpelekea mtu habari nyumbani kwake. Tangazo lilisomwa mbele ya wote, na aliyelikosa aliulizwa alikuwa wapi siku ya ibada.

Kozi ya Kerubo ilikuwa imepangwa kuanza Jumatatu ya pili ya likizo. Tulikuwa tumeshafunga shule, nami nilibaki kumsaidia Bwana Nyakundi kupanga vitabu ghalani, ndipo Ijumaa adhuhuri mjumbe alipofika na baiskeli akiwa na barua kutoka ofisi ya elimu. Tarehe za likizo zilikuwa zimebadilika tena. Chuo kingehitajika kwa kazi nyingine mwishoni mwa mwezi, kwa hiyo kozi iliwahishwa kwa wiki moja, ianze Jumatatu hii inayokuja. Ambaye hangefika kufikia saa sita mchana, nafasi yake ingepewa wa akiba kama yupo. Bwana Nyakundi aliisoma mara mbili. Akaketi, akaandika nakala zake. "Hii yetu nitaisoma mwenyewe kesho," akasema. "Ya habari za kufungua shule tu. Hii nyingine ina habari za Kerubo, maana yeye husali kwa Wakatoliki. Mpelekee Makori Jumapili kabla ya sala. Na wewe Jumatatu uende chuoni, ukakae pale kama barua inavyosema. Huenda mtu wa shule nyingine akakosa." Nilimuuliza kama nisingeweza kupita nyumbani kwa Kerubo siku ileile. Nilimuuliza kweli, na nimelishikilia swali hilo miaka yote hii kama shahidi wangu. Alinitazama. "Mume wake yuko Kericho kwenye chai. Wewe kijana hujaoa. Utaingia boma la baba mkwe wake useme unamtafuta nani?"

Jumapili nilivuka bonde. Umande ulikuwa bado kwenye majani ya ndizi na suruali yangu ililowa hadi magotini. Karatasi ya tangazo ilikuwa kwenye mfuko wa koti, imekunjwa mara nne. Nilichelewa kidogo, sala ilikuwa imeanza, nami sikuwa nimewahi kuingia kanisa la Wakatoliki maishani mwangu, basi nilisimama chini ya paa la jikoni, pale mapadre walipopikiwa walipokuja mara moja kwa mwezi. Niliwasikia wakiimba kwa Kiswahili. Nadhani mpaka wakati huo nilikuwa na nia ya kuitoa. Kisha nikaanza kufikiria saa sita ya kesho. Sikupanga neno. Nilijiambia tu kwamba bado kuna wakati, watakapotoka nitampa katekista aisome nje kabla hawajatawanyika. Walipotoka, Mzee Makori alikuja moja kwa moja kunisalimu, mkono wake mkubwa, mgumu, umejaa udongo kwenye mistari hata siku ya Bwana. Alikuwa na haraka. Kulikuwa na msiba, maiti ya kuombewa upande wa Magwagwa, na watu walikuwa wakimngoja. "Mwalimu, karibu kwetu. Wasabato wamekuchosha?" akasema, nasi tukacheka. Aliniuliza habari za mwalimu mkuu, nikasema hajambo. Aliniambia funguo za kanisa zilikuwa zimempotea asubuhi ile na alizipata ndani ya kiatu chake. "Kichwa kimezeeka," akasema. Nilikuwa nimetia mkono mfukoni. Nilikuwa nimeshika karatasi. Upande wa pili wa uwanja Kerubo alikuwa amesimama na wanawake wenzake, mtoto mgongoni, akaniona akaniinulia mkono. Nami nikainua mkono, ule uliokuwa mfukoni, nikautoa mtupu. Mzee Makori akaniaga akaenda na watu wake. Kerubo akaenda na wanawake. Nilibaki pale hadi uwanja ukawa mtupu, kisha nikarudi nyumbani, na mama alikuwa amepika chinsaga, mboga yetu chungu, na ugali wa wimbi, nikala sahani mbili.

Chuoni walinipa kitanda karibu na dirisha. Jumatatu saa sita mchana mwalimu mmoja mwenye miwani alisimama barazani na orodha, akaita jina la Kerubo mara tatu, akasubiri, akauliza kama kuna wa akiba. Niliinua mkono. Ilikuwa rahisi hivyo. Tulilala watu kumi na wanane katika bweni moja lenye harufu ya dawa ya sakafu, tukala mahindi na maharagwe mchana na usiku, na Jumatano nyama. Tulifundishwa hesabu mpya kwa vizibo vya chupa. Mwalimu wa miwani alitupa vizibo hamsini kila mmoja, akatuambia tuvipange makundi, kwa rangi, kwa ukubwa, kisha tumweleze kwa nini kila kizibo kiko mahali kilipo. Watu wazima, wengine na mvi, tuliinama juu ya meza tukibishana kuhusu vizibo. Nilifurahi. Siwezi kusema uongo wa pili hapa. Wiki ile ya kwanza ilikuwa mojawapo ya wiki za furaha kuu katika ujana wangu.

Jumatatu ya pili, wakati wa mapumziko, nilimwona langoni. Alikuwa amevaa gauni jipya la buluu, mkononi ana sanduku la bati, na kichwani kikapu. Askari wa lango alimwelekeza ofisini. Nilisimama nyuma ya tangi la maji. Hakukaa ofisini hata dakika kumi. Alipotoka alitembea polepole kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, na nilipoona anakuja njia yangu sikuwa na pa kwenda. Aliniona. Alinitazama, kisha akatazama kitambulisho cha karatasi nilichobandika kifuani.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Wanasema tarehe ilibadilika. Mliipata lini?"

"Ijumaa. Tangazo lilipelekwa."

"Halikusomwa." Aliweka sanduku chini. "Nilikuwa kanisani toka mwanzo hadi mwisho, na halikusomwa. Nilimwachisha mtoto kunyonya kwa ajili ya kozi hii. Analia usiku kucha kwa nyanya yake." Alifuta uso kwa kiganja, mara moja tu. "Afadhali ni wewe," akasema. "Ingekuwa mtu wa shule nyingine ningeumia zaidi." Kisha akashusha kikapu, akatoa ndizi za kuchoma na karanga alizokuwa amejifungia kwenye jani, akanipa. "Chukua. Chakula cha hapa nasikia si kizuri. Mimi nitakula nyumbani." Nilizipokea kwa mikono miwili. Jioni niliwagawia wenzangu wa bweni nami nikala pamoja nao. Walisifu karanga.

Shule ilipofunguliwa, Bwana Nyakundi alimwita Mzee Makori. Tulikuwa wanne ofisini, mwalimu mkuu, katekista, Kerubo na mimi, nasi tuliongea tukijua chumba cha walimu kinasikia. Bwana Nyakundi aliniuliza mbele yao kama nilipeleka karatasi ya tangazo. Nikasema niliipeleka. Kerubo, ambaye hakuwa na sababu ya kunisaidia, akasema, "Ni kweli, Mwalimu Mkuu. Nilimwona kanisani Jumapili ile, amesimama na Mzee." Alisema ukweli mtupu, na ukweli wake ndio uliofunga mlango. Mzee Makori alikuwa amevua kofia. Alinigeukia, hakuwa na hasira hata kidogo. "Mwanangu, ulinipa? Nakumbuka mkono wako. Nakumbuka tulicheka. Karatasi siikumbuki."

"Nilikupa, baba," nikasema.

Aliinamisha kichwa. Sote tulimwona akitafuta ndani yake, akipita tena njia ya Jumapili ile, funguo, kiatu, msiba. Alitafuta kitu ambacho hakikuwepo, na mwishowe nadhani alikipata. "Basi niliitia kwenye kitabu cha sala," akasema. "Nilikwenda Magwagwa na kitabu. Huenda ilidondoka kaburini." Akamgeukia Kerubo, mzee wa umri wa baba yake, akamwambia, "Mama, nimekukosea." Kerubo alitoka nje akarudi darasani.

Baada ya siku mbili niliamua kusema. Nilishuka bonde jioni baada ya shule, nikamkuta Mzee Makori ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake, akipukuchua mahindi, na mkewe anachambua mboga mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima. Lakini alifurahi mno kuniona. "Mungu amekuleta," akasema. "Nilikuwa nataka kukutumia mtoto akuite. Mimi nasoma, lakini kuandika barua ya ofisi siwezi. Wewe una kidato cha nne. Nataka niwaandikie wakubwa wa elimu niwaambie kosa ni langu, si la Kerubo, wampe nafasi nyingine." Mkewe akasema bila kuinua kichwa, "Ameacha kulala. Anaamka anatafuta karatasi kwenye makoti." Mzee alimwambia anyamaze. Alinipa kalamu na karatasi ya mistari iliyokuwa imetayarishwa juu ya biblia, akasogeza kigoda chake kwangu, yeye akaketi chini.

Niliandika. Yeye alitamka kwa Ekegusii, lugha yetu, nami nikaandika kwa Kiswahili kizuri cha shule. Mimi Makori, katekista, nilipewa tangazo na Mwalimu Ogeto siku ya Jumapili. Akatua hapo, akaniuliza, "Umeandika jina lako? Andika, wajue wewe ulifanya kazi yako." Nikaandika jina langu. Akaendelea: nililipoteza tangazo kwa uzembe wangu. "Uzembe ni neno kali?" akauliza. Nikasema ni kali. "Liache." Alipomaliza alitia sahihi kwa herufi kubwa, akivuta pumzi kwa kila herufi, kisha mkewe akaleta maziwa ya mgando na kipande cha ugali, nikala kwa sababu kukataa kungekuwa tusi. Ningeweza kusema wakati wowote katika saa ile. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Kadiri barua ilivyosonga mbele ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kurudi, na nilipofika chini nikaona nimeandika vizuri, nikaona hata fahari kidogo juu ya mwandiko.

Barua alikabidhiwa Kerubo aipeleke ofisini mwenyewe. Aliisoma saa nne, mezani, chai ikipoa. Aliisoma tena. Tulikuwa tumesahihisha madaftari uso kwa uso kwa mwaka mzima na nusu. Alijua jinsi ninavyokata herufi t na jinsi ninavyoacha nafasi baada ya koma. Aliinua macho akanitazama, si kwa muda mfupi. Onsongo alikuwa akisimulia habari za ng'ombe aliyeingia kanisani, na hakuna mwingine aliyeona. "Mzee hajui kuandika hivi," Kerubo akasema.

"Alinituma."

"Na hapa pa jina lako, ni yeye aliyesema uandike?"

"Ni yeye."

Alingoja. Naamini hivyo leo kuliko nilivyoamini wakati ule: alikuwa akiningoja. Nilichukua kiazi nikaanza kukimenya. Kengele ikapigwa. Alikunja barua, akaitia kwenye kitabu chake cha mahudhurio, akaenda kwa watoto wake themanini, na kutoka siku ile mpaka alipoondoka shuleni aliniita Bwana Ogeto, hakuniita tena Mwalimu.

Ofisi ilijibu kwamba nafasi hutolewa mara moja. Mwaka uliofuata kozi haikuchukua mtu kutoka shule yetu, na miaka miwili baadaye, walimu waliosomea walipoongezeka, wasiosomea waliondolewa mmoja mmoja. Kerubo alihamia Nyansiongo na mumewe kufuga. Mimi nilipita mtihani, nikawa mwalimu kamili, kisha mwalimu mkuu, nikaandika matangazo yangu mwenyewe nakala mbili kwa miaka mingi, na kila nakala ya pili niliipeleka kwa miguu yangu mpaka mkononi mwa katekista. Haikumsaidia mtu yeyote. Mzee Makori aliacha ukatekista mwaka uleule. Alisema mtu anayepoteza neno la watu hawezi kushika neno la Mungu. Alizikwa kabla sijaoa. Wajukuu wake wako hapo bondeni hadi leo, na huwa wanachekwa kwa mzaha, mmoja wao akisahau kitu sokoni, kwamba wamerithi usahaulifu wa babu yao.

Baada ya mazishi ya Nyansiongo, mjukuu aliyesoma wasifu alinifuata nikiwa naondoka, akanishukuru kwa maneno mazuri niliyosema juu ya nyanya yake. Nilimwambia kuna mstari mmoja katika wasifu ambao si sahihi. Akatoa karatasi na kalamu palepale, mtoto mwangalifu, akauliza ni upi na usomeke vipi. Watu walikuwa wakipita na viti vichwani. Nilimwambia afute neno katekista. Akafuta. "Niandike nani, babu?" akauliza.

Nikamtajia jina langu, herufi kwa herufi, nikamwambia sikusahau, na alipomaliza kuandika hakuniaga.